Kutoka Vijiji vya Makedonia Hadi Sufuria ya Nyumbani: Historia ya Hotidogi ya Chili

Tarehe 2 Agosti 1903, siku ya Mtakatifu Eliya, wanavijiji wa Makedonia walishika silaha kupigana na dola ya Waosmani iliyowatawala. Uasi huo, unaojulikana kwa jina la Ilinden, ulizimwa ndani ya miezi michache. Vijiji karibu 200 viliteketezwa, mavuno yakapotea, na familia zikaingia majira ya baridi bila paa juu ya vichwa vyao. Katika milima ile ilikuwa desturi ya tangu zamani mwanamume kwenda mbali kutafuta kazi, akamwacha mke na watoto kwa wazazi wake, kisha akarudi na fedha. Baada ya 1903 safari hizo zikavuka Atlantiki, na wengi waliokwenda hawakurudi tena. Kusini zaidi, katika Ugiriki, bei ya zabibu kavu ilikuwa imeanguka tangu miaka ya 1890 na kuwaachia wakulima madeni. Vijana wao nao wakapanda meli zilezile.

Naanza na vita na zabibu katika makala ya chakula kwa sababu chakula chenyewe kimetoka huko. Bila vijana wale, hotidogi ya chili kama inavyoliwa Detroit, Flint na Cincinnati isingekuwapo, na leo kusingekuwa na akina mama na akina baba wanaosimama jikoni mwao Jumamosi wakikoroga sufuria ya nyama ya kusaga na kubishana kuhusu kiasi cha jira.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kukutana nayo, chakula chenyewe ni hiki. Ni mkate laini mrefu uliopasuliwa ubavuni na kulainishwa kwa mvuke. Ndani yake hulazwa soseji nyembamba iliyokaangwa juu ya bamba la chuma. Juu ya soseji humwagwa mchuzi wa nyama iliyosagwa laini kabisa, wenye pilipili na viungo, halafu mstari wa haradali ya manjano na vitunguu vibichi vilivyokatwakatwa. Mchuzi huo ndio chili. Huliwa kwa mkono, mara nyingi kwa kusimama, na mlaji huinamia sahani ili shati lisichafuke.

Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo ambacho Wagiriki na Wamakedonia walikuja nacho. Soseji ni ya Wajerumani na Waaustria. Johann Georg Lahner, mchinjaji aliyejifunza kazi Frankfurt, alihamia Vienna na mwaka 1805 akaanza kuuza huko soseji nyembamba ya nyama ya ng'ombe iliyochanganywa na ya nguruwe, na miji hiyo miwili inagombea heshima yake hadi leo. Mjerumani mwingine, Charles Feltman, ndiye anayetajwa zaidi kuwa aliitia ndani ya mkate katika ufuko wa Coney Island, Brooklyn, yapata mwaka 1867, akiuza kwa mkokoteni. Mkokoteni ule ulizaa mkahawa mkubwa wa ufukweni. Baadaye aliajiriwa pale kijana Myahudi kutoka Poland, Nathan Handwerker, aliyekuwa akikata mikate. Mwaka 1916 alifungua kibanda chake mwenyewe na kuuza soseji kwa senti 5, wakati kwa Feltman ilikuwa senti 10. Treni ya mjini ilipofika ufukweni mwaka 1920, nayo kwa nauli ya senti 5, mfanyakazi wa kiwandani aliweza kuwapeleka watoto wake baharini na kuwalisha kwa fedha kidogo. Jina la Coney Island likaenea nchi nzima kama jina la furaha ya watu wa kawaida.

Chili, kwa upande wake, ilizaliwa mbali sana na bahari ile. Ilitoka San Antonio, Texas, mji uliokuwa wa Meksiko kabla ya kuwa wa Marekani. Katika miaka ya 1880, jua likishazama, wanawake wa Kimeksiko walifika na masufuria yao katika uwanja wa kati wa mji, wakawasha kuni, wakapanga meza ndefu chini ya taa, na kuuza nyama iliyochemshwa kwa pilipili kavu nyekundu, jira na vitunguu saumu. Askari, wachunga ng'ombe, mawakili na watalii walikaa benchi moja. Magazeti yaliwaita malkia wa chili, na picha zao zikachapishwa kwenye postikadi. Sifa hiyo haikuwalinda. Jengo la manispaa lilipojengwa katikati ya uwanja wao wa zamani, walihamishiwa viwanja vingine, na mwaka 1937 idara ya afya ya mji ikawafungia. Meya Maury Maverick aliwarudisha miaka miwili baadaye, lakini kufikia miaka ya 1940 biashara yao ilikuwa imekwisha. Wanawake wale ndio waliowafundisha Wamarekani kula chili, na karibu hakuna hata mmoja wao ambaye jina lake limebandikwa kwenye kopo linalouzwa dukani leo. Dhuluma hiyo hainitoki moyoni kila ninapoona kopo la chili.

Faida ilikwenda kwa wengine. William Gebhardt, mhamiaji wa Kijerumani aliyekuwa na mkahawa New Braunfels, karibu na San Antonio, alikuwa na shida ya mpishi yeyote anayetegemea msimu: pilipili nzuri zilipatikana wakati fulani tu wa mwaka. Akazikausha, akazisaga kwa mashine ya kusagia nyama, akachanganya na viungo vingine, akatia kwenye chupa. Mwaka 1896 aliisajili alama ya biashara yake. Unga huo ulisafiri kwa reli hadi miji ambayo ilikuwa haijawahi kuona pilipili ikianikwa. Tayari mwaka 1893, katika maonyesho makubwa ya dunia yaliyofanyika Chicago, kulikuwa na banda la chili ya San Antonio, na watu wa kaskazini wakaionja. Ndani ya miaka 20 chili ilikuwa ikiuzwa kwa bakuli katika migahawa midogo ya Ohio, Indiana, Illinois na Michigan.

Hapo ndipo vijana kutoka Balkani, yaani wale wa Makedonia na Ugiriki, walipoikuta. Walikuwa wameteremka bandarini New York, wakasikia habari za Coney Island au kuiona kwa macho yao, kisha wakafuata reli kuelekea Magharibi ya Kati kutengeneza njia za treni, kuosha vyombo, kung'arisha viatu. Mtu wa namna hiyo akikusanya dola mia kadhaa hawezi kununua shamba, wala hawezi kushindana na maduka makubwa. Ataweza kukodi chumba chembamba chenye kaunta na viti kumi vya duara. Soseji ananunua kwa mchinjaji Mjerumani, mkate kwa mwokaji, unga wa chili dukani. Mchuzi anautengeneza mwenyewe, na mchuzi huo ndio mali yake.

Nani alikuwa wa kwanza kumwaga chili juu ya soseji? Miji inagombana. Huko Jackson, Michigan, Mmakedonia George Todoroff alifungua kibanda chake mbele ya kituo cha treni mwaka 1914. Mwaka huohuo Fort Wayne, Indiana, kikafunguliwa kibanda ambacho bado kinafanya kazi, na mikate yake bado inafunikwa mchuzi uleule mwembamba wa kahawia. Mimi sioni haja ya kumtafuta mshindi. Watu waliotoka wilaya moja, walioandikiana barua, waliolala vyumba vya kukodi pamoja na kusali kanisa moja, walipeana wazo hilo kama walivyopeana habari za kazi. Lilizuka karibu wakati mmoja katika miji mingi kwa sababu mtandao wa ndugu na jirani ulikuwa umeshatandazwa.

Ukionja mchuzi wenyewe unaisikia Balkani ndani yake. Wagiriki wana mchuzi wao wa nyama ya kusaga wenye mdalasini na viungo vitamu, unaomiminwa juu ya tambi. Mpishi aliyekulia mchuzi ule, akipewa unga wa chili wa Texas, hataacha mkono wake nyuma. Maharage, ambayo Wamarekani wengine huyatia kwenye chili, hayakuingia hapa. Nyama ilisagwa laini hadi ikapoteza mabonge yote, ili ikae juu ya soseji bila kuanguka.

Detroit ndiko mambo yalikopamba moto. Tarehe 5 Januari 1914 kampuni ya Ford ilitangaza malipo ya dola 5 kwa siku ya saa 8, na watu wakamiminika. Mwaka 1910 mji ulikuwa na wakazi 465,766. Mwaka 1920 walifika 993,678. Mwaka 1930 walikuwa zaidi ya milioni moja na nusu. Wanaume wengi kati yao waliishi bila familia, katika vyumba visivyo na jiko, na viwanda viliendeshwa kwa zamu usiku na mchana. Mtu anayetoka kazini saa sita usiku anataka chakula cha moto, cha bei ndogo, kinacholetwa haraka. Mwaka 1917 Mgiriki Constantine Keros, aliyeitwa Gust, alifungua American Coney Island katikati ya mji. Baadaye yeye na ndugu yake William walitengana kibiashara, na William akabaki na Lafayette Coney Island mlango wa pili. Hadi leo maduka hayo yamepakana, na watu wa Detroit wamegawanyika kwa uaminifu unaorithiwa: baba akila Lafayette, mtoto hathubutu kusifu American mbele yake.

Jambo moja la maduka yale ambalo halisemwi vya kutosha ni kwamba upishi ulifanyika dirishani. Mwaka 1906 Upton Sinclair alikuwa amechapisha riwaya yake kuhusu machinjio ya Chicago, na taifa zima likashtuka kwa uchafu uliokuwa ukitiwa ndani ya nyama. Mwaka huohuo bunge likapitisha sheria ya ukaguzi wa nyama. Soseji ilikuwa chakula cha kushukiwa. Muuzaji aliyeweka bamba lake la chuma karibu na kioo, soseji zikigeuzwa mbele ya wapita njia, na kaunta nyeupe ikifutwa kila dakika, alikuwa akimjibu mteja swali ambalo hajaliuliza. Mhudumu aliipanga mikate kwenye mkono wake kuanzia kiganja hadi karibu na kiwiko, akaijaza yote kwa mfululizo mmoja. Wateja walipenda kumtazama, na kwa kweli ni ufundi.

Maili 60 hivi kaskazini, Flint ilipika kwa namna nyingine. Mji huo, ambako kampuni ya General Motors iliasisiwa mwaka 1908, ulikua kutoka watu 38,550 mwaka 1910 hadi 156,492 mwaka 1930. Simeon Brayan, Mmakedonia kutoka kijiji cha Boufi, alifungua Flint Original Coney Island katika miaka ya 1920. Alikubaliana na mchinjaji Mjerumani, Albert Koegel, atengenezewe soseji maalumu yenye ngozi halisi ya utumbo, inayoweza kukaa muda mrefu juu ya bamba la moto bila kusinyaa. Mchuzi wa Flint ni mkavu. Haumwagiki, hupakwa kwa kijiko na kubaki ulipowekwa, nao umejengwa juu ya moyo wa ng'ombe.

Moyo unastahili maelezo. Ni msuli unaofanya kazi maisha yote ya mnyama, hauna mafuta ndani yake, na nyuzi zake zimebana. Nyama ya kawaida ya kusaga ikichemshwa hutoa mafuta na maji na kuwa mchuzi. Moyo uliosagwa laini ukipikwa polepole pamoja na mafuta ya figo hubaki chembechembe kavu zenye ladha nzito ya nyama. Tena ulikuwa rahisi kununuliwa wakati mishahara ilikuwa ndogo. Wapo wanaousema kwa aibu, kana kwamba ni siri mbaya ya mji. Mimi nauona kuwa uamuzi wa mpishi hodari aliyeujua mnyama wake wote, kama wajuavyo watu wa kijijini popote.

Cincinnati, Ohio, ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1922 ndugu wawili, Athanas na Ivan Kiradjieff, waliojulikana baadaye kwa majina ya Tom na John, walifungua mkahawa mdogo pembeni mwa ukumbi wa Empress. Walitoka mji ambao leo unaitwa Argos Orestiko, kaskazini mwa Ugiriki. Walimimina mchuzi wao juu ya spageti na juu ya soseji, na jibini ya manjano iliyokwanguliwa ikaja kurundikwa juu mpaka soseji isionekane. Mwaka 1949 Nicholas Lambrinides, mzaliwa wa Kastoria, akafungua Skyline Chili. Mapishi ya familia hizi yamefungiwa, lakini ulimi unatambua mdalasini na karafuu. Na karafuu ya miaka ile ya 1920, sehemu kubwa ya iliyouzwa duniani ilitoka Unguja na Pemba. Wachumaji wa Pemba waliopanda mikarafuu kwa ngazi na kuanika karafuu kwenye majamvi hawakujua kwamba karafuu zao zinaishia kwenye sufuria za aina hii, ng'ambo ya bahari mbili.

Mlango uliowaingiza vijana wale ulifungwa mwaka 1924. Sheria mpya ya uhamiaji ya Marekani iliiwekea Ugiriki nafasi 100 tu kwa mwaka. Waliokwisha kuingia walibaki, wakaita wake, wakafundisha watoto kaunta. Mdororo wa uchumi ulipokuja mwishoni mwa muongo, migahawa mikubwa ilianguka na vibanda vya Coney, kama hotidogi hiyo ilivyoitwa kwa jina la ufuko ule, vikaendelea, kwa kuwa hapakuwa na chakula cha moto cha bei ya chini kuliko hicho.

Katika miaka hiyo chakula hiki kilianza kuingia nyumbani, tena kwa mlango wa kiwanda. Mjini Chicago, Erwin Freund alikuwa ameunda katikati ya miaka ya 1920 ngozi ya bandia inayomenywa baada ya soseji kuiva, na soseji zisizo na ngozi zikashuka bei na kujaa madukani. Mwaka 1935 kampuni ya Hormel ikatoa chili ya kopo. Mwezi Juni 1939, Rais Franklin Roosevelt alipomkaribisha Mfalme George VI wa Uingereza nyumbani kwake Hyde Park, hotidogi ziliandaliwa, na hakuna mama wa nyumbani aliyeweza tena kuambiwa kwamba anawapa wageni chakula cha aibu. Vita vikaisha, nyumba za vitongojini zikajengwa kwa maelfu, kila moja na uwanja nyuma. Mwaka 1952 George Stephen akaunda jiko la mkaa la duara lenye kifuniko ambalo bado linauzwa kwa jina la Weber. Hotidogi ikawa chakula cha Jumapili cha familia, na chili ya kopo ikapashwa moto pembeni.

Lakini watu wa Detroit na Flint walijua kwamba ya kopo si yenyewe. Mabonge ni makubwa, maharage yamo, wanga umezidi. Kwa hiyo ukaanza utafiti wa jikoni uliodumu vizazi vitatu: watu kununua mikate miwili, kula mmoja, na kupeleka mwingine nyumbani kuuchunguza kwa kijiko. Huko Flint kuna maelekezo yanayopita mkono kwa mkono yanayotaka usage soseji zenyewe na kuzichanganya na nyama ili kuiga moyo. Wapishi wenyeji hukasirika wakiyasikia. Nayaelewa hata hivyo: mtu asiyepata moyo wa ng'ombe dukani alikuwa akitafuta ule uzito wa ladha kwa kile alichokuwa nacho.

Kabla ya kufika jikoni kwetu, kuna mkahawa mmoja ambao siwezi kuupita. Tarehe 22 Agosti 1958, Ben Ali, Mwislamu aliyekulia Trinidad, pamoja na mkewe Virginia, mzaliwa wa jimbo la Virginia, walifungua Ben's Chili Bowl katika barabara ya U, Washington, ndani ya jengo lililokuwa ukumbi wa filamu bubu. Barabara hiyo ilikuwa moyo wa maisha ya Wamarekani Weusi mjini humo wakati wa ubaguzi wa rangi, na wanamuziki kama Duke Ellington, Ella Fitzgerald na Nat King Cole walijulikana sana pale. Soseji ya Ben's ni nene, ya kuvutwa moshi, na chili yake ina ukali unaodumu mdomoni. Martin Luther King alipouawa Memphis tarehe 4 Aprili 1968, barabara ya U iliwaka moto. Amri ya kutotoka nje ilitangazwa, lakini Ben's iliruhusiwa kubaki wazi, ikawalisha wanaharakati, askari na wazima moto kwenye kaunta moja. Miaka ya 1980 ujenzi wa reli ya chini ya ardhi ulichimbua barabara mbele ya mlango, majirani wakafunga, wao wakabaki.

Tarehe 10 Januari 2009, siku kumi kabla ya kuapishwa, Barack Obama aliingia pale kwa chakula cha mchana na meya wa mji. Kenya ilikuwa imefanya mapumziko ya taifa miezi miwili tu kabla yake kwa ajili ya ushindi wa mtoto huyu wa mwana wa Siaya, na wengi wetu tuliotazama habari zile ndio kwanza tuliona chili juu ya soseji. Ben Ali alifariki Oktoba mwaka huohuo. Virginia Ali aliendelea kuwa sura ya nyumba ile.

Sasa sufuria. Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba unga wa chili wa Marekani ni mchanganyiko. Una pilipili isiyo kali sana, jira, oregano na vitunguu saumu. Mpishi wa Mombasa au Dar es Salaam akisoma maelekezo yanayotaka vijiko vitatu vya unga wa chili, akatia vijiko vitatu vya pilipili kichaa iliyosagwa, chakula hakitalika. Kwa nyama kilo 1 tia vijiko vikubwa vitatu vya paprika, kijiko kikubwa kimoja cha jira iliyokaangwa na kusagwa, kijiko cha chai cha oregano, kingine cha unga wa vitunguu saumu, na pilipili kali nusu kijiko cha chai tu. Utaongeza baadaye ukitaka.

Jambo la pili ndilo lililowatesa watafiti wote wa nyumbani, nalo ni namna ya kupata ule ulaini. Ukiikaanga nyama ya kusaga kwenye mafuta ya moto, itajikusanya na kuwa vidonge, na hakuna mwiko utakaoivunja tena sawasawa. Njia wanayoitumia Cincinnati ni kuanza na baridi. Nyama mbichi, iliyosagwa mara mbili buchani, huwekwa kwenye sufuria isiyo na moto, ikamiminiwa lita 1 ya maji baridi, na kuvunjwavunjwa kwa vidole mpaka maji yawe kama uji mwepesi. Ndipo moto unawashwa, mdogo, huku unakoroga. Kila chembe ya nyama inaiva peke yake kabla haijapata nafasi ya kushikana na jirani yake. Ukifanya hivyo mara moja tu, hutarudi kwenye kikaango.

Maji yakianza kuchemka tia kitunguu kikubwa kilichokwanguliwa, viungo, chumvi, na vijiko viwili vya nyanya ya kopo. Kwa mkono wa Detroit, ongeza haradali kidogo, na mwishoni vunjavunja biskuti chache za chumvi ndani yake ili mchuzi ushikamane. Kwa mkono wa Cincinnati, tia mdalasini, karafuu mbili zilizosagwa na siki kijiko kimoja. Kwa mkono wa Flint, badilisha nusu ya nyama kwa moyo wa ng'ombe uliotolewa mishipa na kusagwa, punguza maji, na acha ukauke. Saa 2 ni chache, saa 3 ndizo zinazofaa, kifuniko kikiwa wazi kidogo. Kisha ufanye subira moja zaidi: uache upoe, uuweke kwenye friji hadi kesho yake. Asubuhi mafuta yatakuwa yameganda juu. Yaondoe, lakini acha kiasi, kwa sababu ndiyo yanayobeba ladha ya viungo. Sufuria hiyo itatosha mikate kama 20.

Soseji iwe nyembamba na yenye ngozi inayolia inapong'atwa. Kwa meza ya Waislamu soseji ya ng'ombe inafaa kabisa. Karibu na Detroit, mjini Dearborn, ambako Waarabu ni wengi, Coney ya halali ni chakula cha kila siku. Ikaange kwa moto wa wastani juu ya kikaango kizito na mafuta kidogo, uigeuze polepole, isipasuke. Mkate usiukaushe kwa moto. Uweke juu ya mvuke nusu dakika. Halafu fuata mpangilio wa kaunta: soseji, mchuzi, haradali, vitunguu vibichi. Vitunguu vikitangulia chini ya mchuzi vitaiva na kupoteza ukali wake, na ukali huo ndio unaokata mafuta. Nyanya ya chupa iliyotiwa sukari haina mahali hapa, na juu ya hilo Flint, Detroit na Cincinnati wanakubaliana, jambo lisilo la kawaida kwao.

Kaunta za Detroit zimebadilisha mikono. Lafayette iliuzwa mwaka 1991 kwa wafanyakazi wake wenyewe, na wengi wa wahudumu wake wametoka Yemen. Maduka mengine mengi ya Coney ya vitongojini yanaendeshwa na Waalbania. Ni watu walewale kwa mara ya pili, wenye lugha nyingine, wanaojifunza mchuzi kwa kusimama kando ya aliyetangulia. Flint imepata pigo zito zaidi. Viwanda vilipofungwa kimoja baada ya kingine hadi Buick City ilipozimwa mwaka 1999, maelfu ya familia zilihamia kusini na magharibi kutafuta kazi. Wanaporudi nyumbani kwa sikukuu hununua soseji za Koegel na mchuzi mkavu uliogandishwa, wakapakia vyote kwenye masanduku ya barafu nyuma ya gari na kuendesha siku nzima hadi walikohamia. Huko huubandika kwenye kikaango na kitunguu na mafuta kidogo, wakiita majirani ambao hawajawahi kuusikia mji wa Flint isipokuwa katika habari mbaya.